Damu ya Ngamia wa Biliqo

Alfajiri, kabla jua halijapasha mchanga, mjomba wangu alikuwa akizunguka zizini ameinama kama mtu aliyeangusha shilingi. Akipata mahali ngamia alipokojoa, anachota mchanga uliolowa, anaufinya kiganjani, anaunusa, anaumwaga. Wa pili vivyo hivyo. Akifika wa tatu ananusa mara mbili, anamkazia macho yule ngamia, kisha anatamka neno moja: "Dhukana." Basi hukumu imepita. Ngamia huyo hatapakizwa mzigo, na fedha za dawa zitaanza kutafutwa kabla hata nundu yake haijaanza kupungua.

Mimi ndiye mpwa wake aliyekwenda shule. Kwa miaka 38 kazi yangu ilikuwa kuitafuta dhukana hiyo hiyo kwa njia ya kioo. Nilipaka damu kwenye slaidi, nikaitia rangi, nikaiinamia hadubini, na baadaye nikaipiga picha kwa kamera ambazo moja tu ingenunua kundi zima la ngamia. Nilistaafu 2020. Watu wa nyumbani wakiniuliza nilikuwa nafanya nini Nairobi, huwaambia nilikuwa mpiga picha. Wanadhani ni wa harusi.

Vitabuni dhukana inaitwa surra. Kinachoileta ni kimelea kiitwacho Trypanosoma evansi, ndugu wa vile vinavyoleta malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Ndugu zake hutegemea mbung'o, na mbung'o hataki nchi kavu. Hiki chetu hakimhitaji mbung'o. Kinapanda mdomo wa pange, yule inzi mkubwa anayeuma, aliyefukuzwa kwa ngamia mgonjwa kabla hajashiba akaenda kumalizia kwa mzima. Biliqo iko karibu na mto Ewaso Ng'iro, kaunti ya Isiolo, kwenye njia ya vumbi itokayo Isiolo kupitia Gotu kuelekea Merti. Mvua zikinyesha, pange hujaa chini ya mikoma ya mtoni, na ngamia anayeshuka kunywa maji hulipia maji hayo kwa damu.

Nilizaliwa 1960, kwa hiyo utoto wangu uliangukia katika vita ambavyo serikali iliviita vya Shifta, 1963 hadi 1967. Wazee wa Waso, yaani nchi yetu ya kando ya Ewaso Ng'iro, huziita siku zile Gaaf Daaba, siku za kuzuiwa. Watu walikusanywa kambini, Merti na Garba Tulla, mifugo ikazuiwa kwenda malishoni, mingine ikapigwa risasi. Aliyeingia kambini na ngamia 50 alitoka na fimbo. Nalitaja hili kwa sababu usipolijua hutaelewa kwa nini mzee wa Biliqo, akiona kijana wa serikali anakuja na sindano kumtoa ngamia wake damu, humsimamisha kwanza. Nilipoanza kazi 1982 katika ofisi ya mifugo, swali la kwanza niliulizwa na mjomba mwenyewe, mbele ya wenzake, kana kwamba hanijui: "Damu hii inakwenda wapi?"

Nikasema maabara.

"Na huko inarudi na nini?"

Nikasema majibu. Nilikuwa na umri wa miaka 22 na niliamini ninachosema.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Unachoma mshipa wa sikio, tone moja linakaa kwenye slaidi, unalivuta kwa ukingo wa slaidi nyingine iliyoinama hadi damu inalala nyembamba kama ulimi. Unapunga hewani ikauke, unatumbukiza katika methanoli ili ishike. Ukichelewa kuishikisha, siafu na inzi watakuja kuila, na jioni utakuta vioo vyako vimelambwa vikawa safi kuliko vilivyotoka kiwandani. Ofisini unaitia rangi ya Giemsa, unasubiri nusu saa au zaidi, unaosha, unaweka tone la mafuta, unashusha lenzi ya mara 100. Hapo ndipo ulimwengu unafunguka: uwanja wa waridi hafifu, na kati ya seli, ukiwa na bahati, kijitu cha zambarau kilichojipinda kama mjeledi ulioachwa chini, chenye urefu wa mikroni 20 na kitu. Kwa mizani ya nyumbani, ukivipanga 40 kichwa kwa mkia huenda ukapata milimita moja.

Hiyo rangi ya Giemsa ina uhusiano na pwani yetu ambao sikuujua hadi nilipokaribia kustaafu. Gustav Giemsa alikuwa mfamasia Mjerumani, na kati ya 1895 na 1898 alifanya kazi katika koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani. Akarudi kwao, akaingia taasisi ya magonjwa ya tropiki ya Hamburg, na mwaka 1904 akatangaza mchanganyiko wake wa rangi ambao mpaka leo hutumika kupima malaria kwa hadubini, jina lake likiwa kwenye chupa. Na mwaka 1897 Robert Koch naye alifika Dar es Salaam akachungulia damu ya ng'ombe wa pwani. Aliona viini vya ugonjwa ambao baadaye uliitwa ndigana kali, akadhani ni ugonjwa mwingine uliokwisha julikana Marekani. Alikosea. Nalipenda kosa hilo. Linatuliza roho ya kila msaidizi wa maabara aliyewahi kuandika "hakuna kitu" penye kitu.

Koch ndiye ninayemtaka kwenye habari hii, si kwa ndigana bali kwa kamera. Kabla yake, mtu akiona bakteria kwenye hadubini, njia ya kawaida ya kumwonyesha mwenzake ilikuwa kuwachora. Palikuwa na kifaa cha prizma kiitwacho camera lucida, alichokisajili Mwingereza William Wollaston mwaka 1806, ambacho kilikufanya uone kitu na karatasi kwa pamoja ili kalamu ifuate mstari. Lakini mkono ni wa mchoraji, na mchoraji huchora anachoamini. Mwaka 1877 Koch alichapisha picha za bakteria zilizopigwa kwa kamera iliyofungwa kwenye hadubini. Tangu siku hiyo ugomvi wa wanasayansi ulibadilika: aliyepinga hakuweza tena kusema mkono wako umeteleza.

Kimelea cha ngamia hakikubahatika hivyo. Mtu wa kwanza kukitambua alikuwa Griffith Evans, daktari wa mifugo kutoka Wales aliyekuwa katika jeshi la Waingereza, mwaka 1880, Dera Ismail Khan, mji ambao sasa uko Pakistan. Farasi na ngamia wa jeshi walikuwa wakifa kwa surra. Evans aliona kwenye damu yao vijidudu vinavyojipinda, akasema hivi ndivyo vinavyoua. Wakubwa hawakumwamini. Ilikuwa neno lake dhidi ya neno lao, na wao ndio waliokuwa na vyeo. Bahati yake ilikuwa umri: alizaliwa 1835 akafa 1935, miaka 100 kamili, akaishi kuona kimelea kimepewa jina lake na dunia nzima imekubali.

Baada yake akaja David Bruce, aliyekifuatilia kimelea cha nagana huko Zululand kuanzia 1894, na mwaka 1903 akaletwa Entebbe wakati malale yalipokuwa yakifagia mwambao wa Ziwa Viktoria. Vitabu humtaja yeye. Mimi humtaja mkewe, Mary, ambaye alikuwa akikaa naye kwenye maabara, akitia rangi slaidi na kuchora kwa mkono kile walichokiona. Michoro ya namna hiyo ndiyo niliyofundishiwa nayo miaka 80 baadaye. Kwenye ukuta wa chumba chetu cha mafunzo palikuwa na bango la vimelea vilivyochorwa, kila kimoja kimetulia kama kimekaa kupigwa picha ya kitambulisho, na chini yake seli za damu, duara, duara, duara.

Hapo kwenye duara ndipo nilipopata somo langu la kwanza. Mwaka wa ukame wa 1984 nilipeleka slaidi za Biliqo kwenye maabara kubwa. Zilirudi wiki kadhaa baadaye na karatasi: seli zimeharibika kwa kukaushwa vibaya, zimerefuka, mchukuaji afundishwe upya. Mchukuaji ni mimi. Nilifundishwa upya, siku 3, na mtu aliyenionyesha jinsi ya kupunga slaidi. Hakuna aliyemwambia msomaji wa zile slaidi kwamba ngamia si ng'ombe. Chembe nyekundu za ngamia ni za umbo la yai. Mamalia mwingine yeyote, kuanzia panya hadi tembo, ana za duara. Ngamia na jamaa zake wa Amerika Kusini peke yao ndio wenye mayai. Nilijua kwa macho, kwa kuwa niliziona kila siku, lakini sikuwa na cheo cha kujua. Bango la ukutani lilikuwa la ng'ombe.

Ningekuwa na picha ningeweza kubishana. Ningepiga slaidi kumi za ngamia kumi, wagonjwa na wazima, nikazipanga mezani: tazama, wote. Nilikuwa na neno langu tu, kama Evans, na miaka yake 100 sikuwa nayo.

Kamera nilikutana nayo 1989, nilipohamishiwa maabara ya utafiti karibu na Nairobi. Ilikuwa kamera ya kawaida ya filamu ya milimita 35, imefungwa juu ya bomba la tatu la hadubini. Niliipenda na kuichukia kwa kiasi sawa. Taa ya hadubini ilikuwa ya manjano, kwa hiyo usipoweka kioo cha bluu chini, damu yote inatoka rangi ya chai. Ukibonyeza, kioo cha ndani ya kamera kinaruka, na ule mruko tu, katika ukuzaji wa mara 1,000, unatosha kufanya kimelea kuwa na vivuli viwili. Lori likipita barabarani, subiri. Na ubaya kuliko yote: jicho lako linaona kitu kimekaa sawa kabisa, ila filamu iko mahali pengine kidogo na lenzi haijalingana nayo. Hilo hulijui leo. Utalijua baada ya siku 4, filamu ikirudi kutoka kusafishwa mjini, picha 36, zote ukungu. Wakati huo damu imeshaoza na ngamia ameshavuka hadi malisho ya Yamicha.

Kwa hiyo tulipiga kila kitu mara tatu, mwanga mwingi, mwanga wa wastani, mwanga kidogo, na tukaomba Mungu. Filamu zilikaa kwenye friji pamoja na chanjo, na mara moja pamoja na nyama ya mtu ambaye sitamtaja.

Lakini ilipokubali! Nakumbuka picha moja ya rangi, damu ya ngamia kutoka upande wetu, vimelea vitatu kati ya yale mayai ya waridi, kimoja kimejikunja sawasawa kuzunguka seli kana kwamba kimeikumbatia. Ilionyeshwa ukutani kwenye mkutano, watu wakapiga makofi. Baadaye iliingia kwenye jarida, na mshale mdogo mweusi. Maelezo ya chini yalisema: damu ya ngamia, kaskazini mwa Kenya. Kaskazini mwa Kenya ni kutoka Isiolo hadi Moyale hadi Mandera. Ukimwambia mtu wa Biliqo ngamia wake ni wa kaskazini mwa Kenya, ni sawa na kumwambia mtu mtoto wake ni wa Afrika.

Sikulalamika, sikuwa na nafasi ya kulalamika. Lakini ndipo nilipoanza kuhesabu. Slaidi ngapi nimetoa Biliqo, Bulesa, Merti, tangu 1982? Mamia. Picha ngapi nimewahi kuwarudishia wenye ngamia? Hata moja. Majibu yenyewe, yale niliyomwahidi mjomba, yalikuwa yakifika ofisini baada ya miezi, wakati ngamia amepona au ameliwa.

Kamera za kidijitali zilitukuta mwanzoni mwa miaka ya 2000. Nyuma yake kuna hadithi ya mwaka 1969, kule Bell Labs, Marekani, ambako Willard Boyle na George Smith walibuni kihisi cha mwanga kiitwacho CCD. Kilikuja kuwapa Tuzo ya Nobel mwaka 2009. Wanaastronomia walikikimbilia mapema, kwa sababu nyota hafifu na seli hafifu shida yao ni moja: mwanga ni haba na hutaki kupoteza hata tone.

Nilipojaribu kuwaeleza vijana wa kwetu jinsi CCD inavyofanya kazi, sikuhitaji kwenda mbali. Mborana, mtu wa kwetu, anajua visima virefu vya tula, kama vile vya Dubluk ng'ambo ya mpaka, Ethiopia, ambako wanaume hupanga mstari kutoka chini hadi juu, kila mmoja amesimama kwenye ngazi yake, wakipitishiana okole, yaani ndoo, lililojaa maji huku wakiimba, hadi la mwisho linamwagwa kwenye hori. CCD ni hivyo. Kila pikseli ni shimo dogo linalokinga mwanga. Mwanga ukiingia hugeuka elektroni. Kisha mashimo hupitishiana mzigo, safu kwa safu, hadi mlango mmoja wa kutokea ambapo huhesabiwa. Ni sahihi mno, lakini huwezi kuuharakisha mstari bila maji kumwagika. Vihisi vya CMOS, ambavyo Eric Fossum na wenzake wa maabara ya JPL ya NASA waliviendeleza katika miaka ya 1990, viliacha mstari huo: kila pikseli ikapewa mfereji wake mwenyewe. Mwanzoni picha zake zilikuwa na kelele nyingi, ile punje-punje ya uongo inayotokea gizani. Aina ya kisayansi iliyotangazwa 2009 ndiyo iliyofuta aibu hiyo, ikawa na pikseli za mikroni 6.5, kelele chini ya elektroni 2, na kasi ya picha 100 kwa sekunde.

Kamera yetu ya kwanza ilikuwa sanduku la ukubwa wa tofali lenye feni mgongoni. Wageni waliokuja kuiona walisikitika kuwa inapiga nyeusi na nyeupe. Bei yote hiyo, wakasema, na simu ya mtoto wangu ina rangi! Nilichoka kueleza. Kamera ya rangi huvika kila pikseli kofia, nyekundu, kijani au bluu, na kila kofia huzuia sehemu kubwa ya mwanga isipite. Kwa slaidi ya Giemsa hilo si neno, mwanga upo tele. Lakini wenzangu walikuwa wameanza kutumia vimelea vilivyotiwa protini ya kijani ya yavuyavu wa baharini, vinavyong'aa vyenyewe vikimulikwa kwa bluu, na mng'ao huo ni kama wa kimulimuli aliye kilima cha pili. Ukiuvisha kofia umeuzima.

Na ile feni ilikuwa ya kupoza. Joto lenyewe hutoa elektroni ndani ya kihisi hata kama hakuna mwanga, na kamera haijui kutofautisha. Katika CCD, kila unaposhusha joto kwa takriban digrii 6 au 7, uongo huo hupungua nusu, ndiyo maana kamera za maabara hukaa digrii kadhaa chini ya sifuri. Nilimweleza hili dereva wetu siku tuliyopeleka vifaa Merti, mchana, digrii 38 kivulini. Alicheka hadi akasimamisha gari.

Hapa niseme ninaloliamini, ingawa wenzangu wengine hawakubaliani nami. Ubora wa kamera hizi haukuwa kuona zaidi ya jicho. Jicho zuri la msaidizi wa maabara mwenye miaka 20 ya kazi bado linaokota kimelea kwenye damu haraka kuliko mashine nyingi. Ubora wake ulikuwa kuona kile jicho haliwezi kukihesabu, yaani mwendo. Kimelea hai kina mkia unaopiga mara nyingi kwa sekunde. Ukikitazama unaona mtetemo tu, kama kamba inayotikiswa. Ukikirekodi kwa picha 10 kwa sekunde, unarekodi uongo, kwa sababu mkia umeshapiga na kurudi katikati ya picha mbili. Ukiwa na mamia ya picha kwa sekunde, ndipo unaona wimbi linaanzia nchani na kushuka mwilini. Mwaka 2016 Joel Bargul, Mkenya wa kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, pamoja na Markus Engstler wa Chuo Kikuu cha Würzburg, Ujerumani, na wenzao, walichapisha katika jarida la PLoS Pathogens utafiti wa kamera za kasi kuonyesha jinsi aina mbalimbali za vimelea hivi zinavyoogelea katika damu, na jinsi umbo na mwogeleo wa kila aina unavyohusiana na damu ya mnyama inamoishi. Niliusoma kwa usiku mmoja. Miaka yangu yote nilikuwa nimevitazama vikiwa vimekufa, vimelala kwenye rangi, nikavifananisha na mjeledi. Kumbe mjeledi unaoogelea una tabia, kama ngamia ana tabia.

Kundi hilo hilo la icipe lilikwenda Laisamis, Marsabit, majirani zetu wa kaskazini, likakusanya wale inzi bapa wanaojibana mwilini mwa ngamia na kuwachunguza ili kuona kama wanaweza kuonyesha ngamia ana nini, bila kumchoma sindano. Mjomba aliposikia alisema hatimaye wasomi wamejifunza kuuliza wanyama wengine.

Mwaka 2014, kabla ya yote hayo kuchapishwa, nilikuwa likizoni Biliqo. Nilikuwa nimeazima hadubini ya kubeba, ya kutumia betri ya gari, na nilikuwa na simu. Kwa wakati ule habari zilikuwa zimetufikia kuhusu Foldscope, hadubini ya karatasi ya Manu Prakash wa Stanford, iliyotangazwa kuwa inatengenezeka kwa chini ya dola moja, na vijana walikuwa wameanza kubandika simu kwenye hadubini kama mchezo. Baadaye Bongo Tech wa Dar es Salaam na Taasisi ya Afya ya Ifakara wakaingia katika OpenFlexure, hadubini ya plastiki inayochapishwa na mashine, yenye kamera ndogo ya kompyuta ya Raspberry Pi, ili kusaka malaria. Sikuwa na hayo. Nilikuwa na mpira wa kufungia noti na kifuniko cha chupa nilichokitoboa ili lenzi ya simu ikae sawa na jicho la hadubini.

Mjomba alikuwa amezeeka, macho yana mtoto wa jicho, pua bado nzima. Asubuhi ile alipita zizini, akanusa, akatenga ngamia wawili, Dimtu na Adi. Nikasema abuyya, mjomba, leo niachie nami nipite. Nilichukua damu ya ngamia 6, hao wawili wakiwemo, nikaandika namba kwenye slaidi kama nilivyofundishwa, 1 hadi 6. Sikuitia rangi. Tone bichi, kioo cha juu, basi. Tukakaa chini ya mgunga.

Slaidi ya 1, hakuna kitu. Ya 2, hakuna. Ya 3, nilikaa dakika nyingi, hakuna. Ya 4, kabla hata sijalenga vizuri, niliona seli zinasukumwa huku na huku kama watu sokoni mwizi akipita. Nikaweka simu, nikarekodi nusu dakika. Kwa mizani ya kazi yangu ilikuwa picha mbaya: kingo nyeusi, katikati pameungua kwa mwanga, rangi ya kijani isiyo na sababu. Ningeikataa kama ingeletwa na mwanafunzi.

Nikampa mjomba simu. Aliisogeza karibu na macho, akaiondoa, akaisogeza tena. Wajukuu walimpanda mgongoni kutazama. Yale mayai yalikuwa yakitetemeka, na kati yake kile kitu kikipinda, kikigonga, kikirudi nyuma, kikipita.

"Huyu ndiye?"

"Ndiye."

"Huyu ndiye miaka yote?"

Nikasema ndiyo, ndiye.

Akatazama tena hadi ikaisha, mjukuu akaianzisha upya. Kisha akauliza: "Ni wa ngamia yupi?"

Nikasema namba 4.

Akanitazama kama nilivyotazamwa 1982. "Namba 4 ni nani?"

Ilibidi nisimame niende zizini na daftari langu, nikahesabu kwa mpangilio niliowachukua damu. Namba 4 alikuwa Dimtu. Mjomba hakushangaa hata kidogo. Akauliza na Adi je? Adi alikuwa namba 6. Nikaiweka slaidi ya 6, nikaitafuta kona hadi kona, kisha nikatengeneza nyingine, nikaitafuta nayo. Hapakuwa na kitu. Hilo halinishangazi, vimelea hivi huja na kuzama, leo ni maelfu, kesho damu ni safi na ngamia bado mgonjwa, ndiyo maana maabara nzuri huzungusha damu kwenye mrija na kuchungulia utando mweupe juu ya chembe nyekundu, njia waliyoiandika Max Murray na wenzake mwaka 1977. Mimi sikuwa na mashine ya kuzungusha. Nilikuwa na slaidi isiyo na kitu na mzee anayesema kuna kitu.

"Kamera yako haijamwona," akasema. "Mimi nimemnusa."

Dawa ilikuwepo ya ngamia wawili. Nikawadunga wote.

Jioni mjukuu mmoja alitaka ile video aipeleke kwa binamu yake wa Eastleigh, Nairobi, anayeuza maziwa ya ngamia yatokayo Isiolo. Mtandao ulikuwa unapatikana kwa kupanda kilima kidogo nyuma ya kijiji, tena kwa subira. Kabla hajapanda, mjomba alimwita, akaniambia nisome jina la ile video lilivyoandikwa kwenye simu. Lilikuwa namba ndefu, tarehe na saa, kama simu inavyojipa yenyewe. Akasema hapana. Nikafuta, nikaandika huku akinisimamia herufi kwa herufi: Dimtu, wa Biliqo, kisha jina lake yeye na jina la baba yake.

Mtoto akachukua simu, akapanda kilima.